Simu Ikikutajia Jina la Mdudu, Imejuaje?

Kila Agosti viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya hufurika watu wa Nane Nane, na siku hizi hukosi banda lenye kijana wa simu janja anayewaonyesha wakulima namna ya kumpiga picha mdudu na kuambiwa jina lake. Safari moja nilisimama nyuma ya mama aliyekuja na punje za mahindi amezifunga kwenye pindo la khanga. Kijana alizimwaga juu ya karatasi nyeupe, akasubiri wadudu watoke, akapiga picha. Simu ikatoa jina, na pembeni yake asilimia. Mama akauliza, "Mwanangu, hii simu imemjuaje? Imewahi kumwona wapi?" Kijana akajibu, "Ni akili mnemba hiyo, mama." Mama akafunga punje zake, akashukuru, akaondoka na swali lake vilevile.

Mama yule alistahili jibu. Nimefundisha baiolojia mkoani hapa kwa miaka mingi, na swali lake nalisikia kwa walimu wenzangu, kwa wazazi na kwa wanafunzi. Wapo wanaoamini kwamba simu sasa inamjua kila mdudu, kwa hiyo mtoto hana haja ya kuhesabu miguu wala kuchora mbawa. Wapo wanaoona yote ni mbinu ya kuuza simu na bando. Pande zote mbili zinapitwa na jambo zuri ambalo teknolojia hii inaweza kutufanyia madarasani na mashambani, mradi tujue inafanya kazi vipi na inakosea wapi.

Kwanza, mdudu ni nani?

Kiswahili kinamtumia "mdudu" kwa ukarimu mkubwa. Minyoo ya tumbo ni wadudu. Kinacholeta malaria ni mdudu. Kidole kikivimba pembeni mwa ukucha, tunasema kimeingia mdudu. Wapo wazee ambao usiku hawamtaji nyoka kwa jina lake, watakwambia kuna mdudu amepita. Sisi kwa sisi tunaelewana. Lakini ukiingia kwenye entomolojia, yaani elimu ya wadudu, neno hilo linabanwa sana: mdudu ni kiumbe mwenye miguu sita, mwili wenye sehemu tatu (kichwa, kifua na tumbo) na vipapasio viwili kichwani. Wengi wana mbawa wakishakomaa. Kwa kipimo hicho buibui anatoka, maana ana miguu minane. Kupe anatoka naye. Jongoo, tandu na konokono wanatoka pia. Nzi, nyuki, mchwa, panzi, kipepeo, chawa na siafu wanabaki.

Hata wakibanwa hivyo, wadudu ni wengi mno. Spishi zilizokwisha kuelezwa na kupewa majina ya kisayansi ni kama milioni moja, na wataalamu wanakubaliana kwamba ambazo bado hazijapewa majina ni nyingi zaidi ya hizo. Mbawakawa peke yao, wale wenye mbawa za juu ngumu kama ganda ambao wengi wetu huwaita mende, wanakaribia spishi 400,000. Hakuna mwalimu anayewajua wote, wala kitabu kinachowatosha. Hapo ndipo teknolojia ya dijitali inapopata nafasi darasani.

Ninaposema teknolojia ya dijitali sina maana ya chumba cha kompyuta chenye viyoyozi. Katika shule nyingi za huku kwetu maana yake ni simu moja ya mwalimu, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, pengine na projekta ya shule ikiwa umeme upo. Simu hiyo moja inakuwa jicho linaloona vidogo na kurudia vilivyopita haraka. Inakuwa daftari linaloandika lenyewe tarehe na mahali. Na inakuwa njia ya kuwafikia watu wanaojua kuliko sisi. Kazi ya nne, kutaja jina, ndiyo inayowashangaza watu wengi, nami naiona ndiyo inayohitaji uangalizi kuliko zote. Nianze na hiyo.

Mpiga debe wa stendi

Mpiga debe aliyekaa stendi ya Nane Nane miaka kumi hulitambua basi likiwa bado mbali upande wa Uyole. Hajasoma ubavuni, hajaona namba. Ameshayaona mabasi hayo maelfu ya mara, na kila alipokosea konda alimsahihisha, mpaka umbo la taa, rangi na mkao wa kioo vikawa kitu kimoja kichwani mwake. Ukimwambia akueleze ametambua kwa kipi hasa, atahangaika kukueleza.

Programu ya simu inayotambua wadudu imefundishwa hivyohivyo. Watu waliilisha picha nyingi sana, kila picha ikiwa na jina lililohakikiwa na binadamu. Programu ikakisia, ikakosea, ikarekebishwa, ikakisia tena, mara nyingi kuliko mtu yeyote angeweza kuvumilia. Kwa hiyo jibu la mama wa Nane Nane ni hili: simu imewaona ndugu za mdudu wako katika picha za watu wengine, na sasa inamfananisha wako na hao.

Turudi stendi. Siku moja inaingia kampuni mpya, basi lake limepakwa rangi zinazokaribiana na za kampuni ya zamani. Mpiga debe atalitangaza kwa jina la lile la zamani, kwa sauti ileile ya uhakika. Simu nayo hufanya hivyo ikikutana na mdudu ambaye hakuwamo katika picha ilizofundishiwa. Jambo hili linatugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko watu wengi. Sehemu kubwa ya picha za viumbe zilizokusanywa duniani imetoka Amerika Kaskazini na Ulaya. Mdudu wa msituni Rungwe au wa mbugani Kitulo anaweza kupewa jina la binamu yake anayeishi ng'ambo, ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Asilimia nayo huwapoteza watu. Simu ikiandika 90, mtu anaelewa kwamba kuna nafasi tisa kwa kumi jina hilo kuwa sahihi. Fikiria mtihani wa kuchagua jibu kati ya A na E, usio na sehemu ya kuandika "hakuna jibu sahihi". Mtoto lazima azungushie moja. Programu nyingi zimejengwa hivyo: zinagawa asilimia mia moja miongoni mwa majina zinayoyajua tu. Ukikipiga picha kifungo cha shati, baadhi ya programu hizo zitakutajia mbawakawa. Asilimia inasema mdudu wako anafanana na huyu kuliko wengine waliomo kwenye orodha. Kama mdudu wako hayumo kwenye orodha, asilimia haikwambii.

Jani la shangazi

Picha yenyewe ina mambo yake. Shangazi yangu analima nyanya Ilula, kule Iringa. Mwaka mmoja majani yake yalianza kukauka kwa mabaka ya kahawia. Akalipiga picha shamba akiwa amesimama, akaituma kwa WhatsApp kwa muuzaji mmoja wa pembejeo. Muuzaji akasema ni ukungu, akampa dawa ya ukungu. Shangazi akapulizia mara mbili, na mabaka yakaendelea kama hayajaguswa.

Nilipofika nilichuma jani moja nikaliinua kuelekea jua. Ndani ya baka, kati ya ngozi ya juu ya jani na ya chini, kulikuwa na kiwavi mdogo mwembamba anajongea, na nyuma yake punje nyeusi za kinyesi zimepangana njiani alikopita. Kumbe ni kantangaze, nondo mdogo wa asili ya Amerika Kusini ambaye watoto wake hula jani kutokea ndani. Dawa ya ukungu haina habari naye. Nikalipiga jani lile picha likiwa bado limeinuliwa kwenye mwanga, na kwenye picha hiyo hata asiyemjua kantangaze aliona kuna kiumbe ndani.

Muuzaji yule alikosea, lakini naamini hata programu nzuri kuliko zote ingeikosea picha ya kwanza, maana mdudu hakuwamo. Ndiyo sababu ninapowafundisha wanafunzi, somo la kwanza la dijitali halina programu yoyote. Ni somo la kupiga picha inayotosha kuwa ushahidi: mdudu kutoka juu, kutoka ubavuni, uso wake, sehemu ya mmea aliyokuwapo, na kitu cha kulinganisha ukubwa, kwa mfano punje ya mchele. Miguu ionekane ihesabike.

Kila sehemu ina sababu. Chukua viwavijeshi vamizi, ambao walionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, wakitokea Amerika, na mwaka uliofuata wakawa wameshaingia mahindi yetu. Ukimpiga picha akiwa amejificha kwenye moyo wa mhindi, utapata mabaki kama unga wa mbao tu. Mtoe, mtazame uso: kuna alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Alama hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa viwavi wengine nao huwa nayo kwa kufifia. Geukia nyuma, karibu na mwisho wa mwili, utafute madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mwanafunzi akiyaona mawili hayo pamoja, amefanya utambuzi kwa macho yake, na simu inabaki kuwa shahidi.

Hata punje za mama wa Nane Nane zilikuwa na somo kama hilo. Wanaotafuna mahindi ghalani kwetu ni hasa wawili, fukusi na dumuzi. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka mbele kama mkonga. Dumuzi, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kama kipande kidogo cha kijiti, na ukimtazama kutoka juu kichwa hukioni, kimeinamia chini ya kifua. Tofauti hiyo ina maana kwenye mfuko, kwa sababu dawa inayomweza fukusi huenda isimweze dumuzi. Lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu inaionyesha wazi. Ipo pia Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa vifaa vya gharama ndogo sana. Kabla ya kununua chochote, jaribu kutia tone la maji safi juu ya kioo cha kamera ya nyuma kisha uigeuze simu taratibu. Tone linakuza. Wanafunzi wangu walimwona chawa wa kuku hivyo, na darasa zima likanyamaza.

Simu inavyofundisha muda

Ningetaka kila mwalimu ajaribu hili. Kwenye majani ya mchungwa au mlimao hukai muda bila kukuta viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Akiwa mdogo, kiwavi huyo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndivyo anavyonusurika. Akikua anajivua na kugeuka kijani. Ukimgusa, anatoa nyuma ya kichwa kitu kama pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali, kisha anazirudisha. Watoto hupenda hapo kuliko popote.

Tulimweka kiwavi mmoja kwenye chupa ya maji iliyokatwa na kufunikwa kipande cha chandarua, tukampa majani mapya kila siku. Simu tuliiegemeza juu ya matofali mawili yaliyowekewa alama ya chaki yasisogezwe. Kila asubuhi kabla ya mstari mwanafunzi mmoja alipiga picha moja, kutoka mahali palepale. Mwisho tuliziweka picha zote pamoja, tukazipitisha haraka ukutani kwa projekta. Kinyesi cha ndege kikageuka kiwavi wa kijani, kiwavi akajifunga kwenye kijiti akawa pupa, pupa akakaa kimya siku baada ya siku, kisha chupani mkawa na kipepeo. Kwenye kitabu mabadiliko hayo huchorwa kama duara lenye mishale minne. Wanafunzi walikuwa wamelikariri duara hilo tangu shule ya msingi. Walipoziona siku zenyewe zikipita, mmoja aliuliza jambo ambalo duara halijawahi kumfanya aulize: "Mwalimu, mbona pupa alikaa siku nyingi kuliko video uliyotuonyesha?"

Jibu ni baridi. Mdudu hana joto lake mwenyewe la mwilini kama sisi, kwa hiyo hewa ikipoa ukuaji wake hupungua mwendo. Kiwavijeshi vamizi anaweza kumaliza maisha yake, kutoka yai hadi nondo, kwa mwezi mmoja hivi penye joto, na kwa miezi miwili au zaidi penye ubaridi. Video za mtandaoni nyingi zimerekodiwa mahali pengine, kwenye joto la pengine. Sisi tuna bahati ya pekee: Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa kwenye joto, na ukipanda hadi uwanda wa Kitulo unafika kama mita 2,600 ambako Juni kuna jalidi. Shule ya Kyela na shule ya Makete zikimfuga mdudu wa aina moja mwezi mmoja, zikabadilishana picha zenye tarehe, zitakuwa na somo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha kiada. Takwimu zitakuwa zao wenyewe.

Video ya mwendo wa polepole nayo ni hazina. Ipeleke kwenye mparachichi unapochanua, Rungwe au Njombe, umrekodi nyuki. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa tayari kupokea chavua, kisha likiwa tayari kuitoa, na wanafunzi wakijua hilo humfuata nyuki kwa macho mengine kabisa. Hata sauti ina kazi: Chuo Kikuu cha Oxford na Taasisi ya Afya Ifakara wameshirikiana katika kazi ya kutambua mbu kwa kurekodi mlio wa mbawa zao kwa simu za kawaida. Mlio ule unaokukera sikioni usiku ni mbawa zinazopiga mara mia kadhaa kwa sekunde.

Mambo yanayosemwa ovyo

Kwamba bila intaneti hakuna kitu. Si kweli. Kamera, lenzi, video na daftari la picha havihitaji bando hata kidogo. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wengine, ilijengwa ichunguze mahindi yenye viwavijeshi na mihogo yenye magonjwa palepale shambani bila mtandao, na inatumika kwa Kiswahili. Jina lake lenyewe ni la kwetu.

Kwamba picha zimemaliza kazi ya kukusanya wadudu kwa sindano na maboksi. Hapana. Kuna nondo wengi wadogo ambao hata bingwa hawezi kuwatofautisha mpaka awapasue chini ya hadubini. Taasisi kama TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, na chuo cha Sokoine kule Morogoro wataendelea kuhitaji mdudu mwenyewe mkononi. Picha inasaidia kujua ni yupi anastahili kupelekwa.

Kwamba mdudu akishatambuliwa, hatua inayofuata ni dawa. Hili linaniumiza kuliko mengine. Wanafunzi walinionyesha picha ya kiwavi aliyedhoofika, na karibu yake vifuko vyeupe kama punje za mchele. Mwenye shamba alidhani ni mayai ya kiwavi, alikuwa ameshachukua bomba la kupulizia. Vilikuwa vifuko vya nyigu wadogo ambao mama yao hutaga ndani ya kiwavi, na watoto wanamla kutokea ndani kisha wanatoka kujifuma nje. Angepulizia, angewaua walinzi wake. Ukijua jina la mdudu, uliza anakula nini, na nani anamla yeye.

Bado hana jina

Ile kazi ya tatu, kuwafikia wanaojua, inafanyika zaidi kupitia iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la picha za viumbe, lililoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unapandisha picha, mahali na tarehe, na mashine inapendekeza jina. Kisha watu wenyewe, wengine mabingwa wa maisha yote, wanakubali au wanakataa, na jina la spishi linathibitika pale zaidi ya theluthi mbili yao wanapokubaliana. Mwalimu afiche mahali kamili pa shule na pa nyumba za wanafunzi, na nyuso za watoto zisiingie kwenye picha. Majina ya Kiswahili yanaweza kuongezwa pia. Ningependa tufanye hivyo kabla wazee hawajaondoka nayo, pamoja na yale ya Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kisafwa, tuwarekodi wakisema kwa sauti zao mdudu huyu anaitwaje na hutokea msimu gani.

Wanafunzi wangu walipandisha mbawakawa mmoja waliyemkuta chini ya gamba la gogo, kando ya njia ya kupandia Rungwe. Mashine ilimpa jina la spishi ya Ulaya. Ndani ya siku tatu mtu asiyetujua akalikataa, akaandika kwa adabu kwamba hawezi kwenda zaidi ya jina la ukoo mpaka aone upande wa chini wa tumbo, na aweze kuhesabu vipingili vya nyayo kwenye mguu wa mbele na wa nyuma. Hatukuwa tumepiga picha hizo. Jumamosi tulirudi msituni wanafunzi sita na mimi, tukalipata gogo, mdudu hatukumpata. Mvua zikaanza. Wamelifunga gogo utepe mwekundu, na kwenye daftari la darasa wameandika kwa wino mzito: tumbo, mguu wa mbele, mguu wa nyuma.